Pevingi Haina Kibali: Kibaha, Kisarawe na Kikomo cha Ardhi Inayofunikwa

Anayejenga Kibaha siku hizi hufuata mpangilio unaojulikana: msingi, boma, bati, uzio, geti, na mwisho kabisa, fedha ikibaki, pevingi. Hatua za mwanzo zina mtu wa kuzitazama, angalau kwenye karatasi. Ramani hupelekwa halmashauri, kibali cha ujenzi hutolewa, na afisa mipango miji anaweza kuuliza jengo limeachana na mpaka wa jirani kwa mita ngapi. Hatua ya mwisho haina mwenyewe. Fundi huja na mashine ya kushindilia, humwaga mchanga, hupanga vitofali vya zege kuanzia barazani hadi ukutani, na kwa siku chache mita za mraba mia mbili au tatu za ardhi iliyokuwa ikinywa mvua huwa sakafu. Hakuna aliyeomba ruhusa kwa sababu hakuna anayeitoa. Makala haya yanatetea jambo moja: kikomo cha ardhi inayoruhusiwa kufunikwa ndani ya kiwanja cha makazi kinahitajika, kihesabu ua pamoja na nyumba, na mahali pa kukianzishia ni Kibaha na Kisarawe, kabla ya kukipeleka mijini kwenyewe ambako karibu kila kitu kimekwisha kufunikwa.

Ramani inaeleza kwa nini. Milima ya Pugu, ambayo hufikia takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, ndiyo mgongo wa eneo hili, na mji wa Kisarawe umekaa juu yake. Mto Msimbazi huanzia huko, hushuka kilometa zipatazo 35 kupitia Ilala, Kinondoni na Ubungo, na kumwagika baharini karibu na daraja la Selander. Mpiji nao hutokea milima hiyohiyo, ukapita kati ya Dar es Salaam na Pwani hadi baharini. Kibaha imegawanywa na miteremko: upande wa mashariki maji yake hutafuta Mpiji, upande wa magharibi na kaskazini huenda Ruvu, mto ambao Dar es Salaam, Kibaha na sasa Kisarawe hunywa. Kwa hiyo wilaya hizi mbili ziko juu ya kila mtu. Maji yanayotoka getini Kiluvya au Pangani ya Kibaha hayana njia ila kwenda kwa mwingine, na mwingine huyo hakushirikishwa wakati ua unapigwa zege.

Idadi ya watu inakimbia. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu takriban milioni 1.1, ya 2022 ikaukuta na zaidi ya milioni 2. Wengi wa walioongezeka hawakuja kulima. Wamesukumwa na bei za viwanja Dar es Salaam na kuvutwa na barabara: Morogoro Road ilipanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, stendi kuu ya mabasi ya mikoani ikahamia Mbezi mwaka 2021, na treni ya mwendokasi ikaanza kupita Pugu, Soga na Ruvu mwaka 2024. Mashamba ya mikorosho, miembe na mihogo yamepimwa na kukatwa viwanja, yakauzwa kwa mafungu na halmashauri, na watu binafsi, na kampuni zinazokopesha viwanja kwa malipo ya kidogokidogo. Kila shamba lililokuwa likipokea mvua ya vuli na masika bila kelele limekuwa viwanja arobaini, kila kimoja na bati lake, uzio wake na, baada ya miaka michache, pevingi yake.

Sheria haikukaa kimya kabisa, ila ilielekeza macho kwingine. Kanuni za viwango vya nafasi zilizotungwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 huweka sehemu ya kiwanja inayoweza kukaliwa na jengo na umbali ambao jengo linatakiwa kuachana na mipaka. Mantiki yake ni hewa, mwanga, moto na faragha ya majirani. Ni mantiki nzuri, lakini ukisoma kwa jicho la maji utaona pengo: jengo likikaa kwenye robo ya kiwanja limetii kanuni, hata kama robo tatu zilizobaki zimefunikwa kwa zege hadi kwenye kingo za uzio. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Huo ni ulinzi wa lazima, na mara nyingi ndio pekee unaotajwa mafuriko yakitokea. Lakini mto haufuriki kwa sababu ya mita 60 zake peke yake. Hufurika kwa maji yaliyokusanywa kilometa nyingi juu, kwenye viwanja halali vyenye hati, ambavyo wenyewe hawajavunja sheria yoyote.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji utafiti mkubwa, unahitaji penseli. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, na mvua ya milimita 50, ambayo si jambo la ajabu katika siku moja ya masika. Lita 30,000 zimeanguka ndani ya uzio. Wahandisi wa mifereji hukadiria kwamba kwenye bati na zege karibu asilimia 90 ya maji hutiririka, na kwenye nyasi juu ya mchanga tambarare kiasi cha asilimia 10. Kabla ya kujengwa, basi, kiwanja kile kingetoa lita 3,000 hivi. Ukiweka nyumba ya mita za mraba 150 na njia ya gari na miguu ya mita 60, ukaacha pengine pote wazi, zitatoka takriban lita 11,400. Ukiweka nyumba ileile na pevingi ya mita 300, zitatoka lita 21,000. Angalia mahali mruko unapotokea. Nyumba na njia yake ziliongeza lita 8,400. Mapambo ya ua yakaongeza 9,600 juu yake, karibu tenki zima la lita 10,000, katika mvua moja, kutoka kiwanja kimoja. Ua, ambao kanuni haziuhesabu, una uzito mkubwa kuliko jengo ambalo kanuni zinalihesabu.

Atakuwepo wa kusema kwamba pevingi si zege la kumimina, ina mianya. Ni kweli kwamba vitofali vilivyopangwa juu ya kokoto zilizo wazi, kwa mianya mipana iliyojazwa changarawe, hupitisha maji vizuri, na vipo pia vitofali vyenye matundu ya kuoteshea nyasi. Kazi tunayoiona mitaani si hiyo. Chini huwekwa morami na kushindiliwa mpaka igome, juu yake mchanga uliochanganywa na saruji, na mianya hubanwa kwa makusudi ili magugu yasiote. Baada ya msimu mmoja wa vumbi la Pwani, kilichobaki wazi huziba. Tofauti kati ya aina hizi mbili ndiyo kiini cha kanuni ninayoitetea, kwa sababu kikomo cha maana hakimkatazi mtu kupendezesha nyumba yake. Kinamwambia kwamba sehemu fulani ya kiwanja, tuseme theluthi, ibaki inapitisha maji, na kwamba akitaka kuifunika, aifunike kwa kitu kinachopitisha, au ayapeleke maji yake kwenye tenki au shimo la kunyonyea ndani ya mpaka wake.

Wazo hili si geni duniani. Uingereza, baada ya mafuriko ya 2007, ilibadili kanuni zake za mipango mwaka uliofuata: mwenye nyumba anayetaka kufunika zaidi ya mita tano za mraba za bustani yake ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyaelekeza maji hayo kwenye ardhi yake inayonyonya, anatakiwa kuomba kibali. Akitumia changarawe au vitofali vinavyopitisha, haombi kitu. Berlin ilichukua njia ya mfuko: tangu 2000 bili ya maji ya mvua hutengwa na ya majitaka, na huhesabiwa kwa mita za mraba zilizofunikwa, hivyo anayefumua zege lake hupunguziwa. Jimbo la Maryland nchini Marekani linafundisha upande wa pili. Mwaka 2012 lilizilazimisha kaunti zake kubwa kutoza ada ya maji ya mvua. Wapinzani wakaibandika jina la kodi ya mvua, ikawa hoja ya uchaguzi, na mwaka 2015 ulazima ule ukaondolewa. Kwetu sioni ada ikifaa. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU tangu 2021 kwa kiwango sawa kwa kila nyumba ya kawaida, na mita ya umeme haijui ua una zege au majani. Njia ya Uingereza iko karibu zaidi na uwezo wa halmashauri zetu: mstari mmoja, unaopimika kwa futikamba, na msamaha kwa anayechagua kitu kinachopitisha.

Pingamizi la kwanza, ambalo lina haki yake, ni la matope. Watu hawapigi pevingi kwa ujinga. Mchanga wa Kibaha huingia ndani ya nyumba wakati wa kiangazi, udongo wa Kisarawe huteleza wakati wa masika, nyoka hujificha kwenye majani, na mama anayefua kila siku anajua gharama ya watoto kucheza kwenye tope. Ua uliosakafiwa pia ni ushahidi kwamba mtu amemaliza kujenga, na heshima ya kumaliza si jambo dogo katika mji uliojaa mapagale. Lakini mahitaji haya yote yanatimizwa na eneo dogo kuliko linalofunikwa: njia ya gari, njia ya kwenda jikoni na chooni, sehemu ya kufulia na kuanikia. Kinachozidi hapo ni kona za uzio ambazo hakuna anayezikanyaga. Ukoka ulioota vizuri huzuia vumbi, na changarawe haina tope. Kikomo kikiwekwa kwa busara kitagusa kona hizo, hakitagusa njia.

Pingamizi la pili ni la haki, na ni zito zaidi. Mwenye kiwanja cha mita za mraba 300 akijenga nyumba ya vyumba vitatu, choo cha nje na kibanda cha kuku, ameshafika theluthi mbili bila kitofali kimoja cha pevingi. Mwenye mita 2,000 anaweza kufunika 1,200 kwa ajili ya magari na sherehe na bado akaonekana mtiifu kwa asilimia. Kanuni ya asilimia tupu humbana mdogo na kumsamehe mkubwa, ingawa mkubwa ndiye anayemwaga maji mengi. Ndiyo maana kikomo kinafaa kiwe na sakafu na dari: viwanja vidogo visiguswe, au vitakiwe mfereji wa bati na tenki tu, na viwanja vikubwa viwekewe idadi ya juu ya mita zilizofunikwa pamoja na asilimia. Bati la mita 150 katika mvua yetu ya milimita 50 linatoa takriban lita 6,750. Tenki la lita 5,000 likiwa tupu linazuia sehemu kubwa ya maji hayo kwa saa zile ambazo mto uko juu. Na hapa mwenye nyumba hafanyi sadaka. Mwishoni mwa 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka na mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgao, mwenye akiba ya tenki ndiye aliyelala bila wasiwasi.

Wapo wataalamu watakaosema udongo haufanani, nao wana hoja. Sehemu kubwa ya Kibaha ni mchanga unaonyonya. Miinuko ya Pugu ina tabaka za udongo mweupe wa kaolini ambao huyapitisha maji kwa shida. Kuacha theluthi ya kiwanja wazi juu ya udongo wa namna hiyo hakufanyi muujiza, na shimo la kunyonyea likichimbwa ovyo kwenye mteremko linaweza kulegeza ardhi ya jirani wa chini, au likasukuma uchafu wa karo la choo kuelekea kisima. Mimi naiona hoja hii kuwa sababu ya kanuni kutungwa wilayani badala ya kushushwa kutoka Dodoma ikiwa moja kwa nchi nzima. Kibaha inaweza kusisitiza kunyonya. Kisarawe mjini, juu ya mteremko, isisitize kuchelewesha: tenki, miti, matuta, na ukuta wa uzio wenye matundu ya kupitishia maji taratibu badala ya mdomo mmoja unaochimba korongo barabarani.

Linalotisha zaidi ni swali la utekelezaji. Mtu atauliza: kama nyumba nyingi zinajengwa bila kibali chochote, na mpango wa urasimishaji umetumia miaka kumi, 2013 hadi 2023, kuzipa hati nyumba zilizokwisha kusimama, nani atakwenda kupima pevingi? Na je, kanuni mpya haitakuwa mlango mpya wa chai kwa mkaguzi? Jibu la kweli ni kwamba ikiachiwa wakaguzi wa kuzungukazunguka, itakufa. Lakini ipo milango ambayo mjenzi hupita kwa hiari yake kwa sababu anataka kitu. Anapita anaponunua kiwanja kilichopimwa, anapochukua hati, anapopitisha ramani ili apate mkopo. Hapo ndipo sharti la ua linaweza kuandikwa. Mkubwa zaidi katika milango hiyo ni muuzaji wa mradi wa viwanja. Kampuni inayoleta mchoro wa viwanja mia mbili uidhinishwe ni mtu mmoja mwenye anwani, na ndiye anayeweza kuambiwa aache bonde la asili bila kulikata viwanja, aonyeshe maji ya barabara za ndani yanaishia wapi, na aandike sharti la eneo wazi katika mkataba wa kila mteja. Mia mbili kwa saini moja ni rahisi kuliko mia mbili kwa ziara mia mbili. Majirani watafanya sehemu iliyobaki. Ofisi za serikali za mitaa tayari hupokea malalamiko ya maji yaliyoelekezwa kwa mtu, ila mtendaji leo hana mstari wa kumwonyesha mshtakiwa.

Halmashauri yenyewe haiwezi kujiweka kando. Maegesho ya ofisi za umma, masoko na stendi hufunikwa ukuta hadi ukuta, na barabara ya lami hujengwa kwa mfereji unaokatikia pale bajeti ilipokatikia, maji yakamwagwa kwenye shamba la mtu. Maeneo ya viwanda ya Zegereni na Kwala yana mapaa ambayo moja linashinda nyumba mia. Kumbana mwenye nyumba huku haya yakiachwa kungekuwa dhihaka, na angekuwa na haki ya kukataa. Kanuni ikitungwa, sharti la kwanza liwe kwa majengo ya umma na ya biashara, halafu makazi.

Ni lazima pia kukiri mpaka wa dawa hii. Mvua ya Desemba 2011, iliyoua watu wapatao 40 Dar es Salaam na kuwahamisha wakazi wa mabondeni hadi Mabwepande, isingezuiwa na theluthi ya kiwanja. Ardhi ikishiba maji baada ya siku kadhaa, hata msitu hutiririsha. Lakini barabara ya Jangwani, inayokatiza bonde la Msimbazi, haifungwi na mvua za kihistoria tu. Hufungwa na mvua za kawaida za masika, na hizo ndizo ambazo saa moja ya kuchelewa huko juu huleta tofauti. Sasa hivi fedha nyingi zinakwenda chini. Mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, unapanua njia ya mto, unajenga daraja jipya Jangwani na kuwahamisha watu bondeni. Kila kiwanja kinachofunikwa Pugu na Kisarawe baada ya mahesabu ya daraja hilo kufanywa ni maji ambayo mhandisi anaweza kuwa hakuyapangia nafasi. Daraja halina uwezo wa kumwomba Kisarawe apunguze.

Kwa nini basi diwani wa Kibaha abebe lawama za wapiga kura wake ili walio chini wapone? Wanaofurika wanapiga kura mkoa mwingine. Kama hoja ingeishia hapo, isingepita. Lakini madhara hayaanzii huko chini. Mchanga wa Kibaha ukipigwa na maji yaliyokusanywa na geti kumi hukatika, na barabara ya mtaa iliyochongwa mwaka jana huwa korongo mwaka huu. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, huichonga tena kwa fedha ambazo zingefika kata nyingine. Wapo wakazi wapya ambao bado wanategemea visima, na kisima hujazwa na mvua iliyoingia ardhini, siyo iliyopita juu. Tope linaloshuka Ruvu hulipwa na watu haohao kwa gharama za kusafisha maji mtamboni Mlandizi. Maslahi ya juu na ya chini yamekutana kuliko siasa inavyokiri, na chombo kinachoweza kuyakutanisha kipo: Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu haijali mpaka wa mkoa.

Njia ya kisheria inajulikana. Sheria za serikali za mitaa za 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na baraza la madiwani, zikaidhinishwa na waziri mwenye dhamana na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kinachohitaji uangalifu ni kwamba Kibaha na Kisarawe zitunge kwa pamoja, hata kama masharti ya udongo yatatofautiana. Kata ya Kiluvya ni ya Kisarawe lakini iko kando ya Morogoro Road, katikati ya Kibamba na Kibaha. Anayetafuta kiwanja hapo husimama stendi moja na kuchagua kati ya halmashauri tatu kwa nauli ileile. Kibaha ikiweka kikomo peke yake, muuzaji wa viwanja atahamishia bango lake ng'ambo, na maji yatashuka Mpiji kama kawaida.